Wimbo wa Foleni

Kitwe, 15 Machi 1971

Chola, mwimbaji wetu mtoro,

Jana Jumapili tulipiga kwenye ukumbi wa Buchi bila wewe. Saa nane mchana watu walikuwa wameshajaa. Wakatazama jukwaani, kisha kijana mmoja wa mtaa wa Mindolo akapaza sauti: "Yule dada yuko wapi? Nirudishieni kiingilio changu!" Lubunda akamjibu kwa ngoma, na hapo hapo tukaanza, maana ukimwachia mtu wa Mindolo nafasi ya kusema neno la pili umekwisha.

Nimekipata kile kisanduku nilichokuwa nakililia. Unakikanyaga kwa mguu, gitaa linaacha kuimba, linanguruma kama winchi ya mgodini. Mama alikisikia nikifanya mazoezi uani akasema, "Mwanangu Kabaso, chombo chako kimeharibika." Nikamwambia, "Hapana, mama, ndiyo kwanza kimepona."

Ungeuona mji ulivyo sasa! Shaba inapanda bei kila wiki, vijana wananunua viatu vyenye visigino virefu kuliko vya wake zao. Wimbo wetu mpya tumeuita "Kesho ni Yetu". Tunauimba kwa Kiingereza, na mstari wa tatu mimi mwenyewe sijui maana yake, lakini nikifika pale katikati nakimbiza vidole mpaka mwisho wa shingo ya gitaa na watu wanapiga kelele kana kwamba wameona ajali. Bendi yetu ya Radi haijawahi kunguruma hivi.

Baba yako bado hanisalimii. Anaamini mimi ndiye niliyekufundisha kuvaa suruali.

Rudi,
Kabaso


Lusaka, 2 Mei 1971

Kabaso,

Mtoro ni mtu aliyefungwa akatoroka. Mimi nilipanda gari moshi mchana kweupe na nikawapungia mkono.

Kazi yangu hapa redioni ni kutunza santuri. Nazifuta vumbi, nazipa namba, nampelekea mtangazaji anayoitaka, na asipojua anataka nini namchagulia mimi. Nimepanga chumba Chilenje kwa mama mmoja mjane ambaye kila jioni huniuliza kama nimekula nshima, na hata nikisema ndiyo ananiletea nyingine.

Usimsingizie baba kwamba alinifukuza. Niliondoka kwa sababu nilichoka kuimba maneno nisiyoyaelewa huku jicho moja likitafuta mlango wa kutokea. Mshahara nao niliutaka, sikufichi.

Mnakimbia sana, Kabaso. Nazisikiliza santuri zote zinazofika hapa na zote mwaka huu zinakimbia. Hata za mapenzi. Mwanamume anamwambia mwanamke nakupenda kama mtu anayewahi treni. Nimeanza kuandika mambo haya kwenye daftari, sijui kwa nini. Mkuu wangu aliniona akasema, "Wewe binti, umeajiriwa kufuta vumbi." Nikasema ndiyo, bwana. Nikaendelea kuandika.

Nisalimie Lubunda. Mwambie apige taratibu mara moja tu, tuone kama ataumwa.

Chola


Kitwe, 9 Februari 1974

Chola,

Santuri yetu imetoka! Nimekutumia mbili, moja ya redio na moja yako. Halafu Nkandu, yule binti wa Wusakile niliyemwoa mwaka juzi, amejifungua mtoto wa kike. Tumemwita Chite. Kwa hiyo kuanzia leo mimi ni Baba Chite, na ukiandika uandike kwa adabu.

Kuna jambo moja silielewi. "Kesho ni Yetu" watu bado wanaupenda, wanauimba wote tangu mwanzo hadi mwisho. Ila sasa wanauimba wakiwa wamekaa. Lubunda anasema ni vile viatu, vimewaua miguu. Labda. Na tangu mpaka wa kusini ufungwe nyuzi za gitaa hazipatikani. Ule wa kwanza ulikatika, nimefunga waya wa breki ya baiskeli. Unalia vizuri, lakini unakata ngozi.

Baba Chite
(Kabaso)


Kitwe, 20 Oktoba 1975

Chola,

Barua hii haina mzaha, nisamehe.

Bendi imekwisha. Hatukugombana. Amplifaya iliungua kile kitaa chake kidogo cha ndani, na kitaa hicho hakuna nchi nzima; nimeambiwa nisubiri kibali cha kuagiza nje, na anayetoa kibali anasubiri fedha za kigeni, na fedha za kigeni zinasubiri shaba ambayo bei yake imeanguka. Mpiga besi amerudi kwao Luapula kuvua samaki. Lubunda anauza mkaa. Ukumbi wa Buchi siku hizi wanafanyia mikutano.

Mgodini wameniambia nafasi ipo, kazi ya chini. Unajua baba yangu alikufaje kule chini, na unajua nilivyomwapia mama kwamba sitashuka. Lakini Nkandu anaamka alfajiri kukaanga vitumbua vya kuuza, na mimi nimekaa na gitaa lisilo na sauti kama bwana harusi.

Wewe hujawahi kunidanganya, hata nilipotaka. Niambie nifanye nini. Utakalosema nitalifuata.

Kabaso


Lusaka, 3 Novemba 1975

Kabaso ndugu yangu,

Nimekaa na barua yako siku nne.

Shuka. Mwaka mmoja tu, mpaka mambo yatengemae. Gitaa haliozi. Mama nitamwandikia mimi, anikasirikie mimi. Usimwache Nkandu abebe nyumba peke yake kwa sababu ya kiapo cha kijana wa miaka kumi na minne.

Na huko chini ukiwa umechoka, tunga nyimbo kichwani. Kichwa hakihitaji kibali cha kuagiza.

Chola


Lusaka, 30 Juni 1976

Baba Chite,

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Umenuna? Kama nilikushauri vibaya, sema. Au umeniandikia ikapotea? Nijibu hata mstari mmoja nijue u hai.

Chola


Kitwe, 22 Agosti 1976

Chola,

Ni mzima. Usinikasirikie. Kazi ilimeza siku zangu, halafu nikahamishwa. Sasa niko juu, getini, naandika majina ya wanaoingia na wanaotoka. Kazi nyepesi, yenye kivuli. Nyumbani wote wazima. Chite ana miaka miwili na nusu na kila asubuhi ananifunga vifungo vya shati. Hataki mama yake aguse, anasema hiyo ni kazi yake. Tunachelewa, lakini tunafika.

Nimetunga kitu. Sina umeme wala kisanduku cha mguu, nimepiga gitaa kavu. Nimelegeza nyuzi kama wale wazee wa kijijini kwa mama walivyokuwa wakifanya na magitaa yao ya mkebe. Nimeimba Kibemba. Kanda nitaituma nikipata mtu wa kuirekodi.

Ushauri wako ulikuwa mzuri. Usiufikirie tena.

Kabaso


Lusaka, 11 Januari 1977

Kabaso!

Kanda ilifika wiki iliyopita. Niliiweka kwenye mashine ofisini, nikidhani nitasikia winchi. Nikasikia gitaa moja, taratibu, lenye mapengo makubwa katikati ya sauti kama mtu anayetafuta neno. Halafu wewe:

*Aliye mbele yangu ana mgongo wa kaka yangu,
aliye nyuma anapumua kama mama.
Sabuni ikifika mtuambie mapema,
tusije tukasahau tulichokuja kununua.*

Mpiga chapa aliacha kupiga chapa. Mkuu wangu, yule yule wa vumbi, alisimama mlangoni mpaka mwisho, kisha akasema, "Mke wangu alikwenda foleni ya mafuta jana saa kumi na moja alfajiri. Huyu mtu ametuona wapi?"

Tumeupiga redioni Jumatano. Kufika Ijumaa nilikuwa na kadi mia mbili na zaidi za kuuomba tena. Mwalimu mmoja wa Mpika ameandika, "Wimbo huu unajua tunavyoishi."

Umefanyaje, Kabaso? Wewe uliyekuwa hutulii hata nota mbili! Umeisikia nchi. Umesikia kwamba imechoka kukimbia, nawe ukasimama. Wengine wote bado wanalazimisha kelele.

Ninakuonea fahari.
Chola


Kitwe, 6 Februari 1977

Chola,

Asante. Usinisifie sana. Nilipiga nilichoweza kupiga.

Baba Chite


Lusaka, 17 Septemba 1979

Kabaso mpendwa,

Keti kwanza.

Wamenipa kipindi. Mimi, mfuta vumbi! Saa nzima ya Jumapili alasiri, wiki ya kwanza ya Januari, kuuaga mwongo huu wa miaka kumi. Nitasimulia jinsi muziki wetu ulivyobadilika pamoja na mioyo yetu: mwanzoni kelele, Kiingereza na haraka, kwa sababu kila mtu aliamini kesho imekwishafika, kisha mpaka wa kusini ukafungwa, bei ya shaba ikaanguka, vita vya jirani vikamwagikia kwetu, na nyimbo zikashuka pumzi, zikarudi kwenye lugha za nyumbani na nyuzi za kijijini. Daftari langu la miaka minane limepata kazi.

Wewe ndiwe uti wa mgongo wa kipindi. Mtu mmoja, mkono ule ule, "Kesho ni Yetu" na "Foleni". Ninataka uje Lusaka upige zote mbili studioni, moja baada ya nyingine. Nimepata amplifaya nzima, nimepata hata kile kisanduku chako. Uanze na ule mpigo wa mbio wa katikati, kisha unyamaze, kisha uingie "Foleni". Msikilizaji asikie miaka kumi ndani ya dakika nane.

Tiketi ya treni nitatuma.

Chola


Kitwe, 1 Oktoba 1979

Chola,

Hongera kwa kipindi. Unastahili.

Sitaweza kuja. Tumieni santuri na kanda mlizonazo. Gitaa la umeme nilishaliuza.

Kabaso


Lusaka, 10 Oktoba 1979

Kabaso,

Gitaa nitakuazima. Likizo nitakuombea kwa barua ya kituo. Sababu nyingine ni ipi?

Nitasema ninavyofikiri, kwa kuwa unasema sijawahi kukudanganya. Umekuwa na kiburi. Tangu "Foleni" ipendwe unajibu barua kama karani. Unaona aibu ya zile nyimbo tulizopiga tukiwa vijana, unataka watu wadhani ulizaliwa ukiwa na hekima. Mimi niliimba nyimbo zile, Kabaso. Ukizionea aibu unanionea aibu na mimi.

Miaka minane hatujaonana. Ningekuwa nimesikia kwamba uko Lusaka ningetembea kwa miguu kuja kukuona.

Chola


Kitwe, 21 Oktoba 1979

Chola,

Nimemsomea Nkandu barua yako. Alikuwa anachambua dagaa wa kapenta. Hakuinua kichwa, akasema tu, "Baba Chite, mwambie dada wa watu. Umemchosha, na mimi umenichosha."

Basi ninakuambia.

Tarehe kumi na mbili Machi 1976, mwezi wangu wa nne chini, tulikuwa tunaunganisha mabehewa ya mawe. Moja likarudi nyuma. Hakuna aliyekosea, hata mimi, lilirudi tu. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa kwenye kiungio. Kidole cha mwisho na cha pete vilibaki pale. Nimebaki na gumba, cha shahada, na cha kati ambacho hakikunji vizuri wakati wa baridi. Ndiyo maana vifungo. Ndiyo maana geti.

Nilikaa miezi mitatu silitazami gitaa. Siku moja Chite alilitoa chini ya kitanda akawa analipigapiga kwa kijiko, na kwa kuwa alikuwa amezilegeza nyuzi bila kujua, likatoa sauti ya wale wazee wa kwa mama. Nikagundua kwamba zikilegezwa vile, nusu ya kazi zinafanya zenyewe. Ukiwa na vidole viwili unaweza kupata wimbo, mradi usiwe na haraka. Mapengo uliyoyasifu ni mimi nikihamisha mkono.

Kwa hiyo sikusikia nchi yoyote. Sikusimama kwa sababu watu wamechoka kukimbia. Uliposema umenionea fahari nilitaka kukuandikia usiku ule ule, nikashindwa, na kila mwezi uliopita uliifanya barua kuwa ndefu zaidi.

Kwa nini nilikuficha? Unajua. Nilikuuliza, ukasema shuka. Ulisema vizuri, na nyumba yangu ilikula kwa sababu yako. Lakini nakujua. Ungelisoma neno lile moja kila siku mpaka uzee. Niliona ni afadhali unidhanie nina kiburi.

"Kesho ni Yetu" sioni aibu nayo. Naipiga kila siku kichwani, kwa vidole vyote.

Kabaso


Lusaka, 4 Novemba 1979

Kabaso ndugu yangu,

Niliisoma ofisini. Nikaenda kwenye chumba cha santuri, nikafunga mlango, nikakaa sakafuni mpaka mfagiaji akaja na ufunguo wake. Akaniona, akaniwekea kiti, akaondoka.

Neno "shuka" nililiandika mimi na siwezi kulifuta. Usiniambie si langu. Nitalibeba, lakini nitalibeba kama mtu mzima, wala hutahitaji kunifichia kitu chochote tena kwa kuniogopea. Hilo ndilo ninaloomba badala ya msamaha. Na neno "kiburi", hilo nalifuta kwa mikono miwili.

Kisha nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya miaka minane iliyopita. Niliwapigia simu wanamuziki wengine watatu walio kwenye daftari langu, nikawauliza kwa nini walibadilika. Wa Ndola alisema amplifaya yao ilikufa. Wa Kabwe alisema mama yake alikuwa haelewi Kiingereza na alitaka aelewe kabla hajafa. Wa Livingstone alisema mpiga ngoma wao alikwenda vitani ng'ambo ya mto na hakurudi, basi wakapiga bila ngoma. Hakuna hata mmoja aliyeniambia "hali ya nchi". Na mimi nilikuwa nimeandika kurasa arobaini za hali ya nchi.

Sikuwa mwongo, Kabaso. Amplifaya zilikufa kwa sababu ile ile uliyoshukia mgodini. Lakini niliwatazama kutoka mbali sana, kama mtu anayeona moshi akaandika habari za mawingu.

Kurasa arobaini nimezichana. Ninataka kuwasimulia wasikilizaji watu wanne na kilichowapata, wewe ukiwa wa mwisho, na neno langu nililokuandikia nalo nilisome hewani. Ukikataa, nitapiga nyimbo tu bila maneno, na nitakuelewa. Nijibu kwa telegramu, muda ni mfupi.

Chola


Kitwe, 20 Januari 1980

Chola,

Natumaini ile telegramu yangu haikukuudhi kwa ufupi. "Sema. Taja jina." Karani wa posta aliniuliza kama kuna mtu amekufa.

Sasa nikueleze ilivyokuwa huku. Jumapili ile redio niliiweka dirishani, na majirani wakaja na vigoda kama wanaokuja msibani, maana Nkandu alikuwa ametangaza sokoni. Ulipofika kwangu niliuficha mkono mfukoni. Mazoea. Ukasoma barua yako ya mwaka sabini na tano, ukafika kwenye neno lile, ukalisema, ukaendelea. Nikadhani nimefanya kosa.

Bi Mwaba, jirani yetu muuza mboga, ndiye aliyesema kwanza. "Kwani wewe Baba Chite ulifikiri hatujui? Tunakuona getini kila siku, mkono huo huo."

Nikasema, "Mnajua mkono. Hamkujua kwamba wimbo ulitokana na mkono."

Akasema, "Aa, hebu toka hapa! Sisi tuliupenda wimbo kwa sababu ya foleni. Foleni tulisimama sisi. Hivyo vidole ni vyako, usituchanganyie."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, na niliutoa mkono mfukoni kwa sababu munkoyo ulikuwa unagawiwa na kikombe kilihitaji kushikwa.

Sijui kama Bi Mwaba yuko sahihi au wewe. Nimelifikiria wiki mbili getini.

Jumapili iliyofuata alikuja fundi bomba wa mtaa wa pili, mtu mrefu, hatukuwahi kuzungumza. Alisimama mlangoni na kofia mkononi. "Nimesikia redioni kwamba unapiga gitaa. Binti yangu anaolewa Jumamosi."

Nikamwambia siku hizi napiga nyimbo za polepole.

"Ndilo lililonileta," akasema. "Tafadhali, ile ya foleni hapana. Wageni watalia, na wakwe wanatoka mbali. Nataka ya kuchezea."

Nikamwonyesha mkono. Akautazama kama fundi anavyotazama bomba lililopasuka, akasema, "Sasa, hivi viwili vilivyobaki, haviwezi kwenda mbio kidogo?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, Chola. Daktari hakuniuliza, na mimi mwenyewe sikujiuliza. Siku tano nilikaa na Lubunda, yeye akipiga ngoma juu ya gunia la mkaa, mimi nikitafuta. Kiungo cha kidole kimevimba. Lakini Jumamosi watu walicheza tangu saa saba mchana mpaka jua linazama, na mkwe mmoja mnene alivunja kiti.

Wimbo hauna jina bado. Kanda iko ndani ya bahasha hii. Mkuu wako akikuuliza wimbo huu unaonyesha hali gani ya nchi, mwambie binti wa fundi bomba ameolewa.

Kabaso